Mchanga Ulioshindiliwa na Mchanga Unaotitia: Historia ya Mfereji wa Kuoshea Dhahabu na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya mfereji wa kuoshea dhahabu tangu enzi za Warumi hadi kuzuka kwa mfereji ambao mchanga wake hulegezwa kwa maji yanayopanda kutoka chini. Hoja yake kuu ni kwamba historia hiyo yote inazunguka tatizo moja: mchanga unaposhindiliwa kwenye vizuizi vya mfereji, dhahabu hupita juu yake na kupotea. Tatizo hilo limepata majibu mawili. La kwanza ni kumwaga zebaki ili inase dhahabu; la pili ni kuufanya mchanga utitie ili dhahabu izame kwa uzito wake yenyewe. Makala inaonyesha kwamba Kiswahili cha machimboni kimelipa jina jibu la kwanza, lakini hakijalipa jina rasmi tatizo lenyewe wala jibu la pili. Inapendekeza kwamba istilahi za uchenjuaji zitaje mchakato kabla ya kutaja chombo, hasa wakati huu ambapo nchi za ukanda zinatekeleza Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki.

Istilahi muhimu: dhahabu, uchenjuaji, mfereji, zebaki, istilahi za Kiswahili, wachimbaji wadogo

1. Utangulizi

Mijadala kuhusu uchimbaji mdogo wa dhahabu katika Afrika Mashariki na Kati huzungumzia zaidi leseni, masoko, mrabaha na usalama wa maduara. Hatua inayofuata baada ya jiwe kutolewa ardhini, yaani kuitenga dhahabu na mchanga, huachiwa mafundi. Hata hivyo hatua hiyo ndiyo inayoamua mambo mawili mazito: ni kiasi gani cha dhahabu kitabaki mikononi mwa mchimbaji, na ni kiasi gani cha zebaki kitaingia katika mapafu yake, katika nyumba yake na katika mto wa kijiji chake. Tathmini ya dunia ya zebaki iliyotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira mwaka 2018 ilionyesha kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayotupwa hewani kwa shughuli za binadamu, ukiwa na takriban asilimia 38 ya jumla yote.

Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo wa kiwango cha kutajika kuandaa mpango wa kitaifa wa utekelezaji. Miongoni mwa mambo yanayotakiwa kuwamo ni mikakati ya kuwapa taarifa wachimbaji na jamii zinazoathirika. Uganda ilijiunga na mkataba huo mwaka 2019, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020. Taarifa hupitia katika lugha, na katika eneo kubwa la migodi midogo ya ukanda huu lugha hiyo ni Kiswahili. Swali linalofuata ni la kihistoria na la kiisimu kwa pamoja: je, Kiswahili kimepewa maneno ya kueleza njia nyingine ya kunasa dhahabu, au kimepewa maneno ya kukataza zebaki tu?

2. Mfereji wa kale: miti, ngozi na nguo

Wazo la mfereji ni jepesi. Maji hubeba mchanga, mchanga hubeba dhahabu, na mahali fulani njiani dhahabu huzuiwa ilhali mchanga huendelea na safari. Kinachobadilika katika historia ni kile kinachozuia.

Pliny, mwandishi Mrumi wa karne ya kwanza, katika kitabu cha 33 cha Naturalis Historia, alieleza jinsi milima ya Hispania ilivyobomolewa kwa nguvu ya maji na udongo wake kuteremshwa katika mitaro ya ngazi. Ndani ya mitaro hiyo kulitandazwa vichaka vya mmea mkwaruzo uliofanana na rosemari. Chembe za dhahabu zilinaswa katika matawi. Kisha matawi yalikaushwa, yakachomwa, na majivu yakaoshwa. Mabaki ya kazi ya aina hiyo yanaonekana hadi leo Las Médulas, kaskazini magharibi mwa Hispania, mahali palipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997.

Georgius Agricola, tabibu na mtaalamu wa madini wa Saxony, alikusanya maarifa ya wachimbaji wa Ulaya ya Kati katika De re metallica, kilichochapishwa Basel mwaka 1556, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kitabu cha nane cha kazi hiyo kinaonyesha mifereji ya mbao yenye mitaro midogo iliyochongwa kwa kukingama, mingine ikiwa imetandikwa nguo, mingine ngozi za wanyama, na mingine vipande vya ardhi yenye nyasi. Agricola alihusisha pia desturi ya watu wa Colchis, katika Georgia ya leo, ya kulaza ngozi katika maji yenye dhahabu, na ile hadithi ya Kigiriki ya ngozi ya dhahabu.

Vyombo hivi vyote vina ukoo mmoja. Kila kimoja kinategemea uso wenye mikwaruzo au vishimo ambamo dhahabu itatua, na kila kimoja kina udhaifu uleule. Vishimo vinapojaa mchanga mzito mweusi, hasa ule wenye chuma, uso hugeuka kuwa sakafu ngumu. Chembe inayofika baadaye haipati pa kuingia. Inateleza juu ya sakafu hiyo na kwenda na maji. Ndiyo maana mafundi wa kale walilazimika kusimamisha kazi mara kwa mara, kuondoa nguo au ngozi, kuisuuza, na kuanza upya.

3. California na jibu la zebaki

Tarehe 24 Januari 1848 James Marshall aliona dhahabu katika mfereji wa kinu cha mbao cha John Sutter huko Coloma, California. Katika miaka michache iliyofuata, vifaa vilipishana haraka: karai la mkono, kisha sanduku la kutikiswa, kisha mfereji mrefu wa mbao wenye vizuizi vya kukingama. Mwaka 1853 ilianza njia ya kubomoa vilima kwa mpira wa maji yenye msukumo mkubwa, na mifereji ikarefushwa ili kupokea wingi huo wa udongo.

Hapo ndipo tatizo la mchanga ulioshindiliwa lilipokuwa la kibiashara. Mwenye mfereji mrefu unaopitisha udongo usiku na mchana hakutaka kuusimamisha kila saa ausafishe. Jibu lililochukuliwa lilikuwa kumwaga zebaki katika vizuizi. Zebaki hushikamana na dhahabu ikigusana nayo. Kwa hiyo hata pale mchanga ulipokuwa mgumu, bado palikuwa na kitu cha kuidaka chembe iliyopita. Madini hayo yalipatikana karibu, katika machimbo ya New Almaden na mengineyo ya safu za pwani ya California. Watafiti wa idara ya jiolojia ya Marekani wamekadiria kwamba uchimbaji wa dhahabu ya mchanga katika jimbo hilo ulipoteza katika mazingira takriban ratili milioni 10 za zebaki, yaani karibu tani 4,500. Mabaki yake yangali katika matope ya mito na mabwawa.

Sheria iliingilia kati, lakini kwa sababu nyingine. Mwaka 1884 Jaji Lorenzo Sawyer aliamuru kwamba kampuni ya North Bloomfield isiendelee kumwaga vifusi vyake mitoni, baada ya wakulima wa bondeni kulalamika kuwa mashamba na miji yao inazikwa na matope. Hukumu hiyo ilitazama udongo uliokuwa ukionekana kwa macho. Zebaki iliyokuwa ndani ya udongo huo haikuwa hoja ya kesi. Njia ya kunasa dhahabu kwa zebaki ilibaki bila kuguswa, ikaendelea kusafiri pamoja na wachimbaji na vitabu vyao vya ufundi hadi mabara mengine.

4. Jibu la pili: kuulegeza mchanga

Jibu la pili lilichelewa kwa sababu lilidai watu waelewe kinachotokea ndani ya mchanga, si juu yake tu. Msingi wake ni hesabu ndogo. Sentimeta moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3; ya jiwe jeupe la kwatzi ina gramu 2.65, ya mchanga mweusi wa magnetiti ina takriban gramu 5.2. Ndani ya maji kila kimoja hupunguziwa gramu moja kwa kila sentimeta ya ujazo, kwa kuwa maji hukiinua. Hivyo dhahabu inabaki na 18.3 dhidi ya 1.65 ya kwatzi: tofauti ya mara 11. Hata dhidi ya mchanga mweusi, dhahabu inashinda kwa zaidi ya mara nne. Tofauti kubwa namna hiyo ingetosha kuzitenga chembe bila kemikali yoyote, iwapo tu kila chembe ingepata nafasi ya kushuka. Kinachoinyima nafasi ni msuguano wa mchanga uliobanana.

Maji yakisukumwa kutoka chini ya mchanga kwa kasi ndogo, hupenya katikati ya chembe na mchanga hukaa kama ulivyo. Kasi ikiongezwa, hufika mahali ambapo msukumo wa maji unalingana na uzito wa mchanga. Chembe hutengana kidogo, tabaka lote huvimba, na mchanga huanza kutenda kama majimaji: fimbo huzama ndani yake, kitu chepesi huelea juu yake, na kitu kizito hushuka hadi chini. Kasi ikizidi zaidi, mchanga hupeperushwa wote. Kazi yote ya ufundi iko kati ya mipaka hiyo miwili.

Kanuni hii iliingia viwandani kabla ya kuingia mtoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mjerumani Fritz Winkler aliitumia kugeuza makaa ya mawe kuwa gesi, akipuliza hewa kutoka chini ya makaa yaliyosagwa. Mwaka 1942, huko Baton Rouge, Marekani, ilianza kutumika katika kusafisha mafuta ya petroli. Katika madini ya dhahabu hatua mashuhuri ilikuwa ya Byron Knelson wa British Columbia, Kanada, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1970 alianza kuunda bakuli linalozunguka kwa kasi. Kuta za bakuli hilo zina matundu yanayoingiza maji ili mchanga uliobanwa na mzunguko usigande, huku nguvu ya mzunguko ikifikia mara 60 ya nguvu ya uvutano wa dunia.

Karibu na wakati huohuo mifereji ya kawaida nayo ilichunguzwa upya. Huko Yukon, Kanada, mhandisi Randy Clarkson alitumia chembe za dhahabu zilizotiwa mnunurisho ili kufuatilia mahali zilipotua ndani ya mifereji ya wachimbaji. Matokeo yaliunga mkono kile ambacho mafundi wengi walikihisi: mfereji uliolishwa kupita kiasi, ambao vizuizi vyake vimeshindiliwa, hupoteza dhahabu, ule ambao mchanga wake unabaki umelegea huinasa. Suala halikuwa urefu wa mfereji wala idadi ya vizuizi, bali hali ya mchanga ulio kati ya vizuizi hivyo.

Kutoka hapo hadi mfereji mdogo usio na vizuizi kabisa ni hatua fupi. Katika miongo ya karibuni watafutaji wa dhahabu wa Amerika Kaskazini, wengi wao wakifanya kazi hiyo kwa kujiburudisha, wameeneza chombo chepesi kinachobebeka mgongoni. Hakina injini na hakina zebaki. Kinatumia mkondo wa mto wenyewe kuulegeza mchanga.

5. Namna mfereji huo unavyotegwa na kutumiwa

Chombo kina sehemu tatu. Ya kwanza ni sinia lenye mdomo mpana, ambalo mchanga humwagwa juu yake na maji huusambaza. Ya pili ni chekeche la vyuma mwishoni mwa sinia: mawe huviringika juu yake na kutoka, na mchanga pamoja na dhahabu huanguka chini. Ya tatu ni sanduku lililo chini ya chekeche. Katika sakafu ya sanduku hilo mna mabomba yenye matundu madogo. Maji huingia kwenye mabomba kupitia mlango ulio chini ya sinia, yakisukumwa na mkondo, na kutoka katika matundu yakipanda juu. Mchanga mwepesi huinuliwa na kumwagika nje ya sanduku, dhahabu hubaki.

Utegaji huanza kwa kuchagua maji. Maji yaliyotuama hayafai, kwa kuwa hayana msukumo wa kuingia mabombani; maji ya maporomoko nayo hayafai, kwa kuwa yanafagia kila kitu. Panapofaa ni mahali ambapo mto umebanwa na kina chake kinatosha kuufunika mlango wa chini. Pakikosekana, mawe hupangwa pande mbili ili kuyaongoza maji kuelekea mdomoni. Chombo hulazwa kwa mtelemko mdogo kuelekea bondeni, lakini upande wa kushoto na wa kulia lazima uwe sawa. Kikiinama upande mmoja, maji hukimbilia huko, na upande wa pili wa sanduku hushindiliwa.

Kabla ya kumwaga mchanga, maji huachwa yapite peke yake. Fundi hutazama kama yanachemka sawasawa katika sanduku lote. Panapokuwa kimya pana tundu lililozibwa na jani au tope. Kisha mchanga huanza kumwagwa kidogo kidogo bila kukatiza. Sanduku likishajaa hufanyiwa jaribio ambalo halihitaji kipimo chochote: kidole hushushwa ndani ya mchanga. Kikizama hadi sakafuni bila kusukumwa, tabaka linatitia. Kikigota njiani, mchanga umeshindiliwa, na kila kinachomwagwa baada ya hapo kinapita bure. Sababu huwa mojawapo ya tatu: maji hayatoshi, matundu yameziba, au koleo linakwenda haraka kuliko maji.

Mwisho wa kazi chombo huinuliwa kwa uangalifu, kilichomo sandukuni humwagwa kwenye ndoo, na ndoo hiyo hutengwa kwa karai. Fundi mzuri huchukua pia karai moja la mchanga uliotoka nje ya chombo na kuuosha. Dhahabu ikionekana humo, kosa limo katika utegaji, na hurekebishwa siku hiyohiyo.

Mipaka ya chombo haina budi kutajwa. Chembe zilizosagwa mno, na zile bapa kama magamba, hubebwa na maji licha ya uzito wake, kwa kuwa eneo lake ni kubwa kuliko tungamo lake. Udongo wa mfinyanzi usiovunjwa kwanza huviringika kama mawe na kutoka na dhahabu iliyomo. Tena, dhahabu iliyofungwa ndani ya jiwe haitoki kwa kulegeza mchanga. Lazima jiwe lisagwe kwanza.

6. Afrika Mashariki na Kati: dhahabu ya mizani na dhahabu ya mwalo

Kiswahili kiliijua dhahabu kwanza kama bidhaa. Kilwa ilitajirika kwa kusimamia biashara ya Sofala, ambako dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe ilifika pwani, na Ibn Battuta aliyeizuru Kilwa mwaka 1331 aliitaja biashara hiyo. Msamiati wa pwani unabeba alama za historia hii: dhahabu na zebaki kutoka Kiarabu, sonara kutoka lugha za India, mizani na mithkali za kupimia. Ni msamiati wa kununua, kupima, kufua na kuvaa. Walioosha mchanga walikuwa mbali, na walizungumza lugha nyingine.

Msamiati wa kazi uliingia baadaye, kwa njia ya machimbo ya kikoloni na yale yaliyoyafuata. Katika Kongo dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903, na kampuni ya Kilo-Moto iliundwa mwaka 1926. Katika Tanganyika mgodi wa Sekenke ulianza wakati wa Wajerumani, na dhahabu ya mchanga ya Lupa, Chunya, iliwavuta watafutaji kuanzia miaka ya 1920. Katika Kenya ugunduzi wa mwaka 1931 uliifanya Kakamega uwanja wa kinyang'anyiro, hata sheria iliyolinda ardhi za Waafrika ikabadilishwa mwaka 1932 ili kuruhusu uchimbaji. Huko kote wafanyakazi walijifunza mfereji kwa mikono, wakiamriwa nini cha kufanya bila kuelezwa kwa nini.

Maneno yaliyotokana na kazi hiyo, na na yale yaliyobuniwa na wachimbaji wadogo wa leo, yana sifa moja: mengi yanataja kitu au mahali. Duara ni shimo. Karasha ni mashine ya kusaga, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa ambao bado una dhahabu ndani yake. Mwalo, neno ambalo katika Ziwa Viktoria hutaja pia mahali pa kushushia samaki, ni eneo la kuchenjulia. Kamituga, Kivu ya Kusini, wanawake wanaotwanga mawe huitwa twangaises, kitenzi cha Kiswahili kilichovikwa tamati ya Kifaransa. Neno hilo ni nadra kwa kuwa ndani yake mmebaki kitendo, ingawa linamtaja mtendaji.

Katika mialo mingi jiwe lililosagwa hupitishwa kwa maji juu ya ubao wenye mtelemko uliotandikwa gunia au kitambaa kizito. Agricola angekitambua chombo hicho mara moja. Kilichonaswa huoshwa kwenye beseni, hutiwa zebaki, hukamuliwa, kisha huchomwa. Udhaifu ni uleule wa karne zote: kitambaa hujaa, mchanga hushindiliwa, dhahabu huenda kwenye marudio. Marudio hayo hununuliwa na wenye mitaji ambao huyachenjua kwa sianidi. Kwa maneno mengine, mchanga ulioshindiliwa ni njia mojawapo ambayo kwayo mali humtoka mchimbaji na kuhamia kwa mwingine, naye hana neno la kuieleza.

Hapa tahadhari mbili zinawahusu washauri wa sera. Kwanza, sehemu kubwa ya dhahabu ya kusini mwa Ziwa Viktoria hutoka katika miamba, si katika mchanga wa mito. Chombo cha mkondo cha Amerika Kaskazini hakiwezi kuhamishiwa huko kikiwa vilevile. Kinachoweza kuhamishwa ni kanuni yake, baada ya kusaga kwa kiasi na kuchekecha. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa meta 60 kutoka kingo za mito na fukwe za maziwa. Kutega mfereji ndani ya mto kunagongana na ulinzi huo. Suluhisho ni bwawa dogo lililo mbali na mto, pampu, na maji yanayorudishwa kutumika tena. Hilo lina gharama, na gharama hiyo yafaa kuingizwa katika mipango tangu mwanzo.

7. Funzo kwa istilahi

Mwaka 2017 Tanzania ilishuhudia neno la kitaalamu likiwa la umma kwa muda mfupi. Serikali ilipozuia usafirishaji wa mchanga wenye madini nje ya nchi, neno makinikia lilitoka katika ripoti likaingia magazetini, bungeni na vijiweni. Bila neno hilo mjadala ungebaki wa mchanga tu, na wananchi wengi wangeshindwa kuona kwa nini mchanga uwe na thamani kubwa kiasi hicho. Tukio hilo linathibitisha kwamba istilahi yenye umbo la Kiswahili inaweza kuenea haraka pale inapogusa maslahi ya watu.

Kwa mfereji unaojadiliwa hapa, njia rahisi na mbaya ni kutafsiri jina la Kiingereza sehemu kwa sehemu. Matokeo yake yangekuwa kitanda cha majimaji, jina linalomfanya msikilizaji afikirie hospitali. Njia ya pili ni kutohoa, kama karasha. Utohozi humpa mchimbaji jina la chombo dukani, lakini haumwambii kidole chake kitafute nini ndani ya mchanga.

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyoubeba mchakato mzima. Kushindilia ni kubana na kukaza, kama pamba inavyoshindiliwa ndani ya gunia. Kutitia ni kulegea na kuzama taratibu. Wasomaji wa habari hukutana nalo barabara inapotitia baada ya mvua. Mchanga ulioshindiliwa linataja tatizo. Mchanga unaotitia linataja suluhisho. Mfereji wa mchanga unaotitia ni jina refu, lakini linabeba ndani yake maelekezo ya matumizi. Pingamizi moja ni la haki: katika matumizi ya kawaida kutitia huashiria uharibifu, wala si hali inayotafutwa. Fasili ya kitaalamu itabidi iseme wazi kwamba kinachotajwa ni mchanga uliolegezwa kwa maji yanayopanda. Lugha zote hufanya hivyo zinapochukua neno la kila siku na kulipa kazi maalumu.

Faida ya jozi hii haiko kwenye chombo kimoja tu. Inaeleza kwa nini kitambaa cha mwalo husuuzwa mara kwa mara, kwa nini kumwaga mchanga mwingi kwa pupa ni hasara, na kwa nini zebaki ilihitajika mwanzoni. Mkufunzi mwenye maneno haya anaweza kuanzia kwenye maslahi ya mchimbaji, yaani dhahabu inayopotea, kabla ya kufika kwenye katazo. Mkufunzi asiyekuwa nayo hubaki na neno moja, zebaki, na amri moja, acha.

8. Hitimisho

Historia ya mfereji wa kuoshea dhahabu inaonyesha kwamba zebaki haikuwa hatua ya lazima ya maendeleo. Ilikuwa jibu la haraka kwa tatizo la mchanga ulioshindiliwa, lililochaguliwa na wenye mifereji mirefu ambao hawakutaka kusimamisha kazi. Jibu jingine, la kuufanya mchanga utitie, lilikuja baadaye na linategemea maji, mtelemko, matundu safi na jicho la fundi. Haliponyi kila kitu: dhahabu ya unga mwembamba na ile iliyofungwa ndani ya jiwe bado zinahitaji njia nyingine.

Mapendekezo matatu yanatokana na mjadala huu. La kwanza, mipango ya kitaifa ya utekelezaji wa Mkataba wa Minamata iambatane na faharasa ya Kiswahili inayotaja michakato ya uchenjuaji, si vifaa na kemikali pekee. La pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mabaraza ya lugha na idara za madini, ikusanye maneno ya mialo ya Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo kabla ya kubuni mapya, kwa kuwa Kongo imo ndani ya Jumuiya tangu mwaka 2022 na hazina yake ya maneno ya kazi ni kubwa. La tatu, istilahi zijaribiwe mwaloni kabla ya kuchapishwa: mchimbaji aambiwe neno, aoneshwe mchanga, kisha aulizwe kama vinalingana. Likieleweka hapo, litafaa pia kwa kitini cha mafunzo na kwa ripoti ya wizara.